Chombo Kikipinduka na Mashine Ikizama

(Hotuba ya fundi wa mashine za vyombo mbele ya mkutano wa wanachama wa pwani. Imepigwa chapa hapa kwa faida ya wale ambao hawakuweza kufika.)

Ndugu Mwenyekiti, ndugu Katibu, na ninyi nyote wanachama wa vyombo,

Katibu wetu ameniomba niseme machache juu ya mashua kupinduka na mashine kuingia maji ya chumvi. Mimi ni fundi, kazi yangu ni spana, wala sikuzoea kusimama mbele ya watu. Kwa hiyo mkisikia neno lisilofahamika inueni mkono mniulize papo hapo, msingoje mwisho.

Shauri lenyewe si geni kwenu. Kila mwaka Kusi ikikaza, yaani tangu Juni mpaka Agosti, huletewa mashine zilizozama. Nyingine zimebebwa na punda, nyingine zimefunikwa turubali kama maiti. Mwenye mashine huuliza, "Fundi, itapona?" Nami humwuliza kwanza, "Ilitoka majini lini?" Akisema jana asubuhi, au juzi, basi nalijua jibu kabla ya kufungua kifuniko. Mashine nyingi nilizoziona zimekufa hazikufia baharini. Zilifia pwani, juani, zimelazwa mchangani, watu wenye nia njema wakizipangusa kwa matambara na kungoja zikauke.

Hiyo ndiyo habari kubwa ya leo, nami naisema mapema ili anayetaka kuondoka kwenda kusali asiikose. Mashine iliyokwisha kuzama haiharibiki sana ingali chini ya maji. Kutu hutaka vitu vitatu pamoja: chuma, maji na hewa, na chumvi huifanya kazi hiyo iende mbio. Ndani ya maji hewa ni kidogo. Ukiitoa tu, hewa yakifikia chuma chenye unyevu wa chumvi, na hapo ndipo saa inapoanza kuhesabu. Basi ikiwa watu wako wangali majini, usihangaike na mashine hata kidogo. Kukaa nusu saa zaidi chini hakutaidhuru. Lakini mtu akipotea katika nusu saa hiyo, hakuna fundi wa kumrudisha.

Kwa hiyo tuanze na watu.

Nasema juu ya mashua hizi zetu za futi 20 au 25, zenye tanga moja na foromali ndefu, na mashine ya farasi 15 imepachikwa tezini kwa kusaidia upepo ukilala. Sababu za kupinduka mnazijua kuliko mimi. Demani imefungwa fundo badala ya kushikwa mkononi, na upepo ukija kwa ghafula hakuna wa kuilegeza. Abiria wote wamehamia upande mmoja kupiga picha. Au nahodha ametoka mlangoni, kama pale Shela, wakati maji yanapwa na kutoka nje na Kusi inaingia ndani. Maji na upepo vikikutana uso kwa uso mawimbi husimama wima kama ukuta, hata siku ambayo bahari ya mbele imetulia. Katika bamvua, maji ya pwani yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na maji yote hayo hupita katika milango myembamba. Mwenye kuijua saa ya maji amekwisha kuokoa chombo chake kabla ya kutweka tanga.

Sasa imepinduka. Jambo la kwanza ni nahodha kuhesabu watu kwa sauti kubwa. Asihesabu kwa macho tu. Kila mtu aitike. Ikiwa hesabu haikutimia, mtafuteni chini ya tanga kabla ya mahali pengine popote, kwa maana tanga hulala juu ya maji na kumfunika mtu kama blanketi lililolowa. Aliye chini yake asipigane nalo. Alisukume juu kwa kiganja, apate nafasi ya kuvuta pumzi, kisha aushike mshono mmoja na kuufuata bila kuuacha mpaka afike ukingoni. Mwenye kupapasa huku na huku huzunguka palepale. Waambieni abiria neno hili kabla ya safari, hata wakicheka.

La pili, watu wote washike chombo. Mashua ya mbao haizami kama jiwe. Ikijaa maji hukaa kando zake zikiwa karibu sawasawa na uso wa bahari, nayo itawashikilia watu maadamu hawapandi juu yake wote pamoja. Kitu kinachoweza kuipeleka chini ni farumi. Mawe makubwa yaliyokwama ndani ya ngama ni adui. Farumi iwe magunia madogo ambayo mtu mmoja anaweza kuyatupa akiwa majini. Na dumu tupu la lita 20, lililofungwa kifuniko vizuri, ni boya zuri kwa mtu asiye na jaketi, ingawa si sababu ya kumnyima jaketi.

Hapa nitakaa kidogo, kwa maana hapa ndipo watu wanapokufa. Pwani inaonekana karibu. Unauona mnazi, unamwona na ng'ombe akila majani, na kijana mmoja mwenye kifua kipana anasema, "Mimi nitaogelea nikalete msaada." Mkatazeni. Maji yanayotoka mlangoni hayajali kifua. Tena kichwa cha mtu mmoja kati ya mawimbi hakionekani na chombo kinachopita, lakini ubavu wa mashua na tanga jeupe huonekana mbali. Bahari yetu ina joto, kwa kadiri ya nyuzi 25 mpaka 29, na kwa hiyo mtu aweza kungoja saa nyingi. Hata hivyo maji hunyonya joto la mwili polepole, na watoto ndio wa kwanza kutetemeka. Wapandisheni juu ya mkuku, wakae wamekumbatiana. Tangu mwaka 2006 kiko Mombasa kituo cha kuratibu uokoaji wa baharini. Kila nahodha awe na namba yake ndani ya simu, na simu iwe ndani ya mfuko usioingia maji, imefungwa shingoni. Simu iliyoachwa ndani ya kikapu cha chakula haina kazi.

Ikiwa petroli imemwagika, nendeni upande ambao upepo unatoka. Petroli huunguza macho na ngozi, na mvuke wake hulevya. Wala mtu yeyote asiwashe kiberiti kukausha sigara. Mnacheka, lakini nimeona.

Sasa kuisimamisha. Msijaribu na tanga likiwa juu. Tanga lililojaa maji ni zito kuliko watu wanne, na hata mkifaulu, upepo utalishika na kuilaza mashua upande wa pili, safari hii juu ya vichwa vyenu. Legezeni demani, legezeni jarari, foromali ishuke na kuelea. Msiiache iende. Ifungeni kwa kamba ndefu mpaka omo ya mashua. Foromali na tanga majini huwa kama nanga ya kuelea, nayo huivuta omo ielekee upepo. Hivyo mawimbi huja kutoka mbele badala ya kupiga ubavuni.

Kisha fungeni kamba kwenye kando iliyo upande wa pili, ipitisheni juu ya mgongo wa mashua, na watu wawili au watatu wasimame juu ya mkuku na kuvuta kwa kulala nyuma kwa uzito wa mwili. Msivute kwa mabavu ya mikono. Mashua itakuja polepole, halafu kwa ghafula. Waliobaki majini wakae mbali na mlingoti.

Imesimama, lakini imejaa. Mtu mmoja tu, tena mwepesi, aingie ndani; wengine waishike kando kwa nje ili isilale tena. Nani aingie? Si nahodha kwa heshima yake. Aingie aliye mwepesi na mwenye pumzi. Na afue maji kwa ndoo, si kwa kopo la maziwa. Fanyeni hesabu: mashua yenye tani 2 za maji ni lita 2,000, yaani ndoo 100 za lita 20. Mtu mwenye ndoo aweza kuzimaliza. Kwa kopo la nusu lita ni mara 4,000, na bahari inarudisha nusu yake kila wimbi. Kwa hiyo ndoo mbili zifungwe kwa kamba ndani ya chombo siku zote. Ndoo isiyofungwa huwa ya kwanza kuondoka.

Mara nyingi tezi hukaa chini kwa sababu ya uzito wa mashine, na mawimbi yakapita juu yake wakati mnafua. Mashine za farasi 15 za zamani, zile za kuchanganya oili na petroli ambazo mafundi huziita tu-stroki, ni kama kilo 35 au 40. Zile za fo-stroki, zenye oili yake mbali, ni nzito zaidi. Basi ikiwa mashine ina mnyororo au kamba ya usalama, ilegezeni, ishusheni majini ining'inie kwa kamba yake, tezi ipande. Mwenye mashine akiwako pwani anatazama ataweka mikono kichwani. Mwacheni. Imekwisha kulowa, haiwezi kulowa zaidi.

Chombo kingine kikija kuwavuta, watu watoke ndani ya mashua iliyojaa, na kivutwe polepole sana. Mashua yenye tani 2 za maji ikivutwa mbio hung'oa mbao zake au kupinduka mara ya pili.

Sasa tumefika pwani, watu wote wako, wamepewa chai. Ndipo tuitazame mashine.

Tangu mwaka 1909, Ole Evinrude alipotengeneza mashine yake ya kupachika huko Marekani, wenye mashine hizi wamekuwa wakiziangusha majini, na dawa yake imejulikana siku nyingi. Lakini huku kwetu bado wako watu wanaofanya jambo la kwanza lisilofaa: kuvuta kamba ya kuwashia. Msivute! Maji hayashindiliki kama hewa. Pistoni ikipanda na kukuta maji ndani ya silinda haina pa kuyapeleka, na mkono wa pistoni hupinda. Hatari hiyo ni kubwa zaidi ikiwa mashine ilikuwa inakwenda wakati ilipozama. Kwa hiyo fundi atakapouliza, "Ilikuwa inaunguruma au ilikuwa imezimwa?" mpeni jibu la kweli. Hakuulizi ili amtafute mwenye makosa. Anataka kujua kama atafute chuma kilichopinda. Na ikiwa iligusa mchanga wa chini, mwambieni pia. Mchanga ndani ya silinda ni kama msasa, na mashine hiyo haizungushwi hata kwa mkono mpaka ifunguliwe yote.

Ikiwa fundi yuko mbali, au ni usiku, au hamna spana ya plagi, kuna jambo moja tu la kufanya: tafuteni pipa la lita 200, lijazeni maji matamu, izamisheni mashine humo mpaka ifunikwe kabisa. Ndiyo, izamisheni tena. Najua inaonekana kama wazimu. Maji matamu yataanza kuyeyusha chumvi na yataizuia hewa mpaka asubuhi. Wenzetu wa Pate na Kiwayuu, ambao hunywa maji ya mvua ya jabia, wataniambia kwamba lita 200 ni ghali, na wake zao watanifukuza na ndoo. Wana haki. Basi tumieni maji ya kisima cha munyu kidogo, yale yasiyonyweka. Hayo ni bora mara nyingi kuliko ya bahari, kwa kuwa kila lita ya maji ya bahari ina karibu gramu 35 za chumvi.

Wengine humwaga dizeli au mafuta ya taa juu ya mashine na kusema, "Sasa iko salama." Haiko salama. Mafuta hayayeyushi chumvi. Yanaifunika tu, na chini ya mafuta chumvi inaendelea kula. Kwanza maji matamu, halafu mafuta. Mkigeuza utaratibu huu mmepoteza mafuta na mashine pia.

Fundi akifika, au ikiwa ninyi wenyewe mna spana, kazi ni hii. Ondoeni kifuniko, mwageni maji matamu kila mahali, taratibu, bila kupiga kwa nguvu sehemu za umeme. Toeni kile kibanio cha kamba ya kuzimia ili kusiwe na cheche, maana petroli ingaliko. Toeni plagi zote. Ilazeni mashine matundu ya plagi yakitazama chini, na sasa ndipo mtu azungushe gurudumu la juu kwa mkono, polepole. Maji yatatoka. Likikataa kuzunguka, acheni hapo hapo. Hiyo si kazi ya nguvu tena.

Likizunguka vyema, fungueni skrubu ya chini ya bakuli la kabureta, maji na petroli yatoke. Mimineni maji matamu katika matundu ya plagi na katika koo la kabureta, zungusheni, mwageni. Rudieni mpaka maji yanayotoka yasiwe na ladha ya chumvi. Mimi huonja kwa ncha ya ulimi na kutema. Si adabu, lakini ni kipimo kizuri. Baada ya maji, spiriti, ile ya kuwashia taa za karabai. Spiriti hujichanganya na maji yaliyobaki na kutoka nayo. Baada ya spiriti, oili: kijiko kadha katika kila tundu la plagi na katika koo la kabureta, na kuzungusha tena ili oili ifike kwenye beringi za chini. Katika tu-stroki beringi hizo hazina oili nyingine isipokuwa ile inayokuja na petroli, na ndizo zinazokufa kimya kimya. Mashine itawaka leo, mtashangilia, na baada ya mwezi mmoja itaanza kulia kama kinu.

Sehemu za umeme: chomoeni kila kiungio cha waya, suuzeni kwa maji matamu, pulizeni, kausheni kwa jua na upepo. Msikaushe kwa moto wa mkaa. Msizioshe kwa petroli, maana hula plastiki na mpira wa waya.

Petroli yote ya zamani itoke, ya tangi na ya mpira. Mkitaka kujua kama ina maji, itieni katika chupa nyeupe na kuingoja. Maji ni mazito kuliko petroli, yatakaa chini, na mpaka wake utaonekana. Kwa tangi la kwanza baada ya kuzama zidisheni oili mara mbili. Ikiwa kitabu cha mashine chasema 1 kwa 50, yaani oili mililita 400 kwa lita 20 za petroli, safari hii tieni mililita 800. Itatoa moshi. Acheni itoe.

Fo-stroki haichanganyiwi hivyo. Oili yake ya ndani imwagwe yote, itiwe mpya, mashine iende kidogo, imwagwe tena, mpaka ile inayotoka isiwe na rangi ya chai ya maziwa. Na kwa mashine zote tazameni oili ya giya kule chini karibu na rafadha. Fungueni skrubu ya chini, kisha ya juu. Ikiwa nyeupe, maji yameingia. Oili mpya husukumwa kwa tundu la chini mpaka itokee juu. Mkitia kwa juu hewa itabaki ndani, na mtadhani imejaa kumbe sivyo.

Tieni plagi mpya. Sasa vuteni kamba. Ikiwaka, iwe ndani ya pipa la maji au nyuma ya mashua, isiwe hewani, kwa maana mpira wa pampu ya maji huungua upesi ukienda mkavu. Iende kwa mwendo wa chini nusu saa au zaidi, mpaka ipate joto la kutosha kuutoa unyevu uliojificha. Kesho yake iwasheni tena, hata kama hakuna safari. Mashine iliyotolewa majini na kufanyiwa haya yote kabla ya saa chache kupita, mara nyingi hurudi kazini. Ile iliyolala kutwa mchangani, hata nikiifungua kwa mikono kumi, nitatoa unga mweupe wa alumini na kutu, na hesabu ya vipuri karibu na bei ya mashine nyingine.

Na bei hiyo, ndugu zangu, ndiyo iliyomfanya Katibu aniite. Nawajua mabaharia watatu waliokatwa mshahara mwezi baada ya mwezi kwa mashine iliyozama kwa dhoruba. Tajiri wao, ambaye simtaji, aliwapa karatasi ya kukubali deni siku ile ile, nguo zao zikiwa bado zinachuruzika, nao wakatia sahihi. Mmoja wao hakujua kusoma; alitia dole gumba.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yaruhusu tajiri kukata kiasi cha haki kwa mali yake iliyoharibika au kupotea, ikiwa uharibifu huo ulitokana na kosa la makusudi la mfanya kazi. Angalieni maneno hayo, kosa la makusudi. Upepo wa Kusi si kosa la makusudi la mtu yeyote. Tena sheria hiyo hiyo yasema makato yote pamoja, kwa wakati mmoja, yasizidi theluthi mbili za mshahara. Msitie sahihi karatasi yoyote pwani. Semeni kwa adabu, "Bwana, karatasi hii nitaipeleka kwanza kwa chama changu," na mje nayo ofisini.

Lakini chama nacho hutaka silaha za kusemea. Kwa hiyo nahodha awe na daftari. Siku ya ajali aandike: saa ya kuondoka, hali ya maji na upepo, idadi ya watu, saa ya kupinduka, saa mashine ilipotolewa majini, saa ilipotiwa katika maji matamu, jina la fundi na saa aliyoitwa. Mabaharia wawili watie sahihi zao. Mtu aliyeizamisha mashine katika pipa usiku wa manane na kuandika saa yake, nani atasema aliiharibu makusudi? Na kama fundi aliitwa saa 12 jioni na tajiri akakataa kumlipa nauli mpaka siku ya tatu, hilo nalo liandikwe.

Mtu akiumia, mwambieni tajiri mara moja, kwa mdomo au kwa barua, na barua ni bora. Kwa Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ni wajibu wa tajiri kuifikisha habari hiyo kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Mkono uliovunjwa na foromali ni jeraha la kazi sawa na mkono uliovunjwa kiwandani.

Nimeiomba halmashauri, mapatano mapya yatakapojadiliwa, idai kila chombo kiwe na jaketi kwa kila mtu aliyemo, mabaharia pia na si wageni peke yao, ndoo mbili, mnyororo wa mashine, na sanduku dogo lenye spana ya plagi, plagi mpya, chupa ya spiriti na lita moja ya oili. Vitu vya sanduku hilo bei yake ni ndogo sana mbele ya bei ya mashine. Tajiri mwenye akili atalinunua bila kugombana. Kwa wale wengine, Mwenyekiti atakuwa na kazi.

Sasa, mashine hii iliyo juu ya meza ilizama wiki iliyopita na imekaa katika pipa mpaka leo asubuhi. Sijaifungua. Wenye spana wasogee mbele, na mtu mmoja alete ndoo ya maji ya kisima, tuanze na plagi.